Jinsi ya kuona peji zipi za memori zinatumika kweli kwenye Linux

Watu wengi wakiona programu imekula RAM giga mbili wanadhani yote inatumika, kumbe nusu yake inaweza ikawa imelala tu haijaguswa tangu asubuhi. Hili linapimika, tena bila kuinstoli kitu.

Memori imekatwa vipande vinaitwa peji, kwenye kompyuta nyingi kila kimoja ni KB 4, na kila peji ina biti moja (alama ya kuwaka au kuzima) kwenye jedwali la peji, yaani orodha inayoonyesha kila peji ipo wapi kwenye RAM, ambayo prosesa yenyewe inaiwasha peji ikiguswa. Kuizima ni kazi ya kerneli, yaani kiini cha Linux kinachogawa memori. RAM ikibana kerneli inapita inakagua, ikikuta biti imewaka inaizima na kuiacha peji ikae kidogo, ikikuta bado imezima basi hiyo ndo inakuwa karibu na mlango wa kutoka kwenye RAM. Mi naona ni akili sana hii, maana kuandika kila mguso kungeua spidi kabisa.

Sasa wewe tafuta namba ya prosesi yako (PID, namba ya programu inayotembea), tuseme 1234, halafu zima biti zake zote:

echo 1 | sudo tee /proc/1234/clear_refs

Subiri dakika moja huku unaitumia programu kawaida, kisha:

sudo grep Referenced /proc/1234/smaps_rollup

Hiyo KB unayoona ndo iliyoguswa ndani ya hiyo dakika, ilinganishe na mstari wa Rss (RAM yote inayoshikiliwa na prosesi) kwenye faili hilohilo. Ila usifanye kwenye seva yenye kazi nzito, unaivurugia kerneli rekodi zake za peji ipi imetumika lini.