Kabla hujampa hela fundi wa pevingi
Jamani kama unataka kuweka pevingi, zile tofali za kupanga chini uani, kuanzia getini mpaka mlangoni, usimwamini fundi kwa picha za kwenye simu, mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyomaliza mwaka jana, maana pevingi ya wiki mbili yote inapendeza. Ukifika angalia pale matairi yanapopita, ukikuta pamebonyea na maji yametuama ujue chini hakushindilia. Muulize ataweka moramu (udongo wa changarawe wa kushindilia chini) kiasi gani na mashine ya kushindilia anakuja nayo au vipi, akianza kujiumauma achana naye. Tofali za kupita gari ziwe na unene wa milimita 60, pima mwenyewe na rula, mimi nilishaletewa za 40. Hela ya mwisho mpe mvua ikishanyesha ukaona maji yanaelekea wapi.