Usiombe kwa mdomo: kumtafutia mtoto msaada wa masomo katika shule za Marekani

Mwongozo huu ni wa mzazi aliyetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega au Busia akahamia Marekani na mtoto ambaye masomo yanamlemea: kusoma kunamchukua muda, hesabu hazikai kichwani, au kila wiki mwalimu anaandika kwamba hatulii. Kumsajili shuleni si kazi. Peleka cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na kitu cha kuthibitisha unapoishi, basi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji, kwa hivyo hofu hiyo iache mlangoni. Kazi inaanza mtoto akishaketi darasani.

Mtego wenyewe ni huu. Unakwenda mkutano wa wazazi, unamwambia mwalimu kwamba mtoto hasomi vizuri, unaomba apimwe. Mwalimu anatabasamu, anakusifia mtoto kwa adabu, anasema watamfuatilia na atazungumza na wenzake. Unatoka ukiwa mwepesi. Muhula unapita, mwaka unapita, na siku utakapouliza faili la mtoto litakuwa tupu. Kwa macho ya shule hakuna ulichoomba. Baadhi ya majimbo yanataka ombi la tathmini liwe la maandishi, na hata pale ombi la mdomo linapokubalika hutakuwa na cha kuonyesha. Sisi tumezoea shule ambayo ukimfikia mwalimu mkuu ofisini mkaelewana, neno limekaa. Huku neno halikai mahali popote. Andika.

Sheria inayokulinda inaitwa IDEA. Mizizi yake ni ya mwaka 1975, na marekebisho makubwa ya mwisho yalifanywa 2004. Inaitaka shule ya umma impime bila malipo mtoto anayedhaniwa kuwa na ulemavu, ukiwemo ule usioonekana kwa macho kama disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), na akionekana anastahili apewe mafunzo maalum kupitia mpango wake mwenyewe uitwao IEP. Inaanzia umri wa miaka 3 na kufika hadi 21. Sheria ni nzuri kweli, lakini jamii hii ina tabia ya kukuwekea haki kabatini na kukusubiri uiombe kwa jina lake. Walimu wengi ni watu wema, ila bajeti ni ya wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo lenu, na tathmini ni gharama.

Barua haizidi ukurasa mmoja. Weka tarehe, jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, darasa na shule. Sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba unaomba tathmini kamili ya elimu maalum chini ya IDEA. Usiandike kwamba una wasiwasi, wala usiombe ushauri. Ukiomba ushauri utapewa ushauri. Kisha taja mambo matatu au manne unayoyaona mwenyewe: anachukua saa mbili kwa kazi ya nyumbani ya dakika 20, anaruka mistari akisoma, hakumbuki maagizo yenye hatua mbili. Malizia kwa kuomba jibu la maandishi. Itume kwa barua pepe kwa mkuu wa shule na kwa mkurugenzi wa elimu maalum wa wilaya, wote wawili kwa pamoja, ili tarehe ibaki. Kama Kiingereza chako kina kutu, kiandike hivyo hivyo, hawasahihishi insha.

Sasa saa. Barua peke yake haianzishi saa ya tathmini. Inaanza kuhesabu siku unapotia sahihi fomu ya idhini watakayokutumia, kwa hivyo isikae mezani wiki tatu ukimngoja baba mtoto arudi kutoka zamu. Kiwango cha kitaifa ni siku 60 tangu idhini, lakini jimbo linaweza kuweka muda wake. Texas shule ina siku 15 za shule kujibu ombi lako, kisha siku 45 za shule kukamilisha ripoti. Washington ni siku 25 za shule za kuamua na 35 za kupima. Minnesota tathmini ni siku 30 za shule. Angalia neno hilo, siku za shule: Krismasi haihesabiwi, na likizo ndefu ya kuanzia Juni hadi Agosti haihesabiwi. Barua ya Mei inaweza kulala mpaka Septemba. Andika mapema mwaka wa masomo unapoanza.

Shule inaweza kukataa, lakini ikikataa lazima ikuandikie na kukueleza sababu. Kukataa kwa tabasamu si jibu. Wakikwambia kwamba kwanza watamweka katika kikundi cha kusaidiwa kusoma kwa wiki nane waone, kubali kikundi, kisha uwaambie tathmini iendelee sambamba. Wizara ya Elimu ya Marekani ilishawaandikia majimbo mwaka 2011 kwamba vikundi hivyo visitumiwe kuchelewesha wala kunyima tathmini.

Kuna tawi la mtego huu linalowanasa watu wa kwetu hasa, nalo ni Kiingereza. Siku ya kusajili utapewa fomu ya lugha ya nyumbani: lugha gani mtoto alijifunza kwanza, gani mnaongea nyumbani, gani anatumia zaidi. Wapo wanaoandika Kiingereza tupu wakidhani Dholuo au Kiluhya kitamshushia mtoto hadhi. Andika ukweli. Atapewa mtihani wa Kiingereza, na akipungukiwa ataingizwa katika programu ya wanaojifunza lugha. Si adhabu, na una haki ya kuikataa programu hiyo, ingawa ataendelea kupewa mtihani wa lugha kila mwaka mpaka afaulu.

Hatari inakuja baadaye, unapoomba tathmini ukaambiwa, "Tumpe muda, Kiingereza kikikaa sawa ataenda." Ndipo miaka inapopotelea. Sheria inasema mtoto asihesabiwe mlemavu kama sababu kuu ni kutojua Kiingereza au kukosa kufundishwa vizuri. Hilo ni jambo la kuamuliwa baada ya kumpima, haliwezi kuwa sababu ya kutompima. Na mtoto anaweza kupata vyote viwili, msaada wa lugha na elimu maalum. Sheria hiyo hiyo inataka apimwe kwa lugha itakayoonyesha uwezo wake wa kweli. Kama anafikiri kwa Kiswahili, dai hivyo kwa maandishi, na mkutanoni omba mkalimani wa shule. Usimfanye dada yake wa darasa la tisa mkalimani. Mkalimani wa simu anaweza kuwa wa Kiswahili cha Kongo, kwa hivyo ongea naye dakika mbili kabla ya kuanza. Msipoelewana sema hapo hapo.

Silaha yako kubwa dhidi ya hoja ya Kiingereza iko nyumbani Kenya, na hapa naomba jamaa zetu wanisikilize. Mtoto aliyekuwa anashindwa kusoma Kiswahili akiwa Gredi ya 2 kule Nyalenda hana tatizo la Kiingereza, na ripoti fomu ndiyo inayosema hivyo. Mjomba, ukiombwa picha za ripoti fomu, tuma zote, kurasa zote, na maoni ya mwalimu chini. Usichague ile moja ya "kufikisha matarajio" ukaficha tano za "mbali na matarajio" kwa kumpenda mpwa wako. Shangazi, usiende kwa mwalimu mkuu umwombe barua tamu ya kumsifu. Barua hiyo itasomwa huku na kumnyima mtoto msaada. Nyanya, daftari za zamani zisiwashie jiko kabla hatujazipiga picha. Kama mtoto aliwahi kupelekwa EARC, kile kituo cha Kenya cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, ile ripoti yao ina uzito kuliko barua kumi. Na kama aliwahi kuumwa masikio mara kwa mara, tafuteni kadi ya kliniki, maana jambo la kwanza la kuangalia ni kama anasikia na anaona vizuri. Yale ya "hata baba yake alichelewa, atakua tu" tunayaheshimu, ila hayajazi fomu.

Tathmini ikiisha na mtoto akastahili, mkutano wa kuandika IEP ufanyike ndani ya siku 30. Omba ripoti ya tathmini na rasimu siku kadhaa kabla. Utakuta watu sita au saba mezani, wote wakarimu, na karatasi za kutia sahihi. Hapa kuwa macho. Kuna sahihi ya kuonyesha ulihudhuria na kuna sahihi ya kukubali, na zinaweza kukaa ukurasa mmoja. Ya kuhudhuria weka. Ya kukubali beba nyumbani. Hakuna sheria inayokulazimisha kuamua ukiwa kwenye kiti kile, na huduma za mara ya kwanza haziwezi kuanza bila idhini yako. Heshima tuliyofundishwa, ya kuitikia mbele ya mwalimu, huku inasomwa kama kibali.

Ukiwa nyumbani tafuta vitu viwili. Malengo yawe ya kupimika: leo anasoma maneno 40 kwa dakika, kufikia Mei asome 75. "Ataboresha usomaji wake" si lengo. Pili, jedwali la huduma lionyeshe dakika ngapi kwa wiki, na nani, ndani au nje ya darasa. Kisichoandikwa hapo hakipo, hata kama kila mtu mezani alikiahidi.

Unaweza pia kupewa mpango wa 504 badala ya IEP. Huo unatokana na sheria ya mwaka 1973 na kwa kawaida humpa mtoto nafuu kama muda zaidi kwenye mtihani au kukaa mbele. Unawafaa wengine. Lakini mtoto asiyejua kusoma ukimwongezea muda, atakuwa na muda mrefu wa kutosoma. Anahitaji kufundishwa, na kufundishwa kunakaa kwenye IEP.

Tuisheni? Tumeizoea mno, kiasi kwamba sheria ya elimu ya Kenya ya 2013 ilipiga marufuku ile ya likizo na bado tunailipia. Huku anza na maktaba ya mtaa, nyingi zina msaada wa kazi za nyumbani bure, kisha uliza shule kama ina programu ya baada ya masomo. Vituo vya kulipia vinasaidia mtoto aliyekosa mazoezi. Mwenye disleksia atamaliza pesa zako akirudia karatasi zile zile.

Usipokubaliana na tathmini yao, andika kwamba unaomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Wilaya ina njia mbili tu: ilipie, au ifungue kesi kutetea yake. Unaweza pia kupeleka malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo ndani ya mwaka mmoja, nayo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Kila jimbo lina kituo cha wazazi kinachofadhiliwa na serikali kuu. Minnesota ni PACER, Washington ni PAVE. Piga simu kabla hujalipa wakili.

Mkihama jimbo, beba nakala ya IEP kwenye mkoba wa mkononi. Shule mpya lazima itoe huduma zinazolingana na za zamani huku ikijipanga. Na ile safari ya Desemba ya kwenda nyumbani mkae mpaka Februari, ifikirie vizuri: Minnesota, mtoto asiyeonekana siku 15 za shule mfululizo huondolewa kwenye orodha. Kama ni lazima msafiri, iandikieni shule tarehe za kuondoka na kurudi, na muulize tathmini itaendeleaje. Kwa barua pepe.