Kabla Hujafunga Safari ya Edinburgh Wakati wa Baridi

Mwishoni mwa Desemba jua la Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, huchomoza kama saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri. Ratiba yako ianzie hapo, matamasha yafuate baadaye. Ukiamka saa nne na kunywa chai taratibu, mchana uliobaki ni wa saa tano na ushei, na ndio huohuo wa kupanda kilima cha Calton Hill na kupiga picha za ngome ya jiji. Wenyeji giza wamelizoea: burudani zao za majira haya ni za jioni na nyingi zimo ndani. Na wewe fanya hivyo, mchana utembee, jioni uingie ukumbini.

Kwa wanaoswali, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinabanana ndani ya saa kama nne, kwa hiyo maonyesho moja marefu yanaweza kukupitishia vipindi. Msikiti mkuu uko Potterrow, jirani na chuo kikuu alichosoma Mwalimu Nyerere kati ya 1949 na 1952. Kutoka hapo hadi Makumbusho ya Taifa ya Scotland ni dakika chache kwa miguu, na kuingia ni bure.

Visa isisubiri. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaruhusiwa kuomba miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Kabla hujayapata, usilipie hoteli isiyorudisha pesa. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman wao huomba kibali cha mtandaoni kiitwacho ETA.

Wengi wanaokwenda Desemba wanaifuata Hogmanay, mkesha wa Mwaka Mpya wa Kiskoti. Huko Krismasi haikuwa siku ya mapumziko kitaifa hadi 1958, kwa sababu Kanisa la Scotland liliipa mgongo tangu zamani, basi shangwe yote ikahamia Mwaka Mpya. Barabara ya Princes Street hufungwa kwa magari, watu hujaa kwa tiketi, na saa sita usiku fataki hulipuka juu ya ngome. Ni tamasha kubwa kweli, ila lina mwenye nalo, naye ni upepo. Desemba 2024 sherehe zote za nje za mkesha zilifutwa kwa hali ya hewa, na tangazo likatoka tarehe 30, watu wameshafika hotelini. Lilishawahi kufutwa 2003 na 2006 pia. Usiku huo wa 2024 waliokuwa na tiketi za shughuli za ndani, kama muziki wa kanisa la St Giles', waliendelea na mambo yao. Kwa hiyo ukinunua tiketi ya barabarani, tafuta na kitu kimoja cha ndani kwa siku hizohizo. Soma pia masharti ya bima: tiketi kurudishiwa pesa ni jambo moja, ndege na hoteli ni jambo lingine kabisa.

Ukiniuliza mimi, nenda Januari. Bei za vyumba hushuka wageni wa mkesha wakishaondoka, na mwezi huo kuna kitu ambacho hakisubiri mtu. Mwaka 1900 Jumba la Sanaa la Taifa lilirithi picha 38 za rangi za maji za mchoraji Mwingereza Turner kutoka kwa tajiri wa London, Henry Vaughan. Wasia wake ulikuwa na sharti: zionyeshwe zote pamoja, bila kiingilio, mwezi wa Januari tu, wakati mwanga ni hafifu. Rangi za maji hupauka zikipigwa na mwanga mwingi. Zaidi ya miaka mia imepita na sharti linaheshimiwa. Angalia tu mapema mwaka huo wanaonyesha nini, maana Januari 2025 walibadilishana na Dublin, ambako Vaughan huyohuyo aliacha picha 31.

Tarehe 25 Januari ni usiku wa Robert Burns, mshairi aliyezaliwa 1759. Watu hula pamoja na kumsoma kwa sauti, na haggis huletwa mezani kwa zumari, ikasomewa shairi, kisha ikachanwa kwa kisu palepale kwenye ubeti unaotaja kisu. Ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na nafaka ya oti, vitunguu na viungo. Aliyekulia kwenye supu ya utumbo hatashtuka. Mwislamu aulize kuhusu uchinjaji wakati wa kuweka nafasi, na aagize ile ya mboga, ambayo inapatikana kirahisi. Wiski ya kumwenzi Burns si lazima, juisi inatosha.

Mavazi sasa. Kipimajoto cha Januari husoma nyuzi 1 hadi 7, na mtu wa Njombe anaweza kucheka. Asicheke: kuna upepo wa baharini na manyunyu yanayokuja ubavuni. Mwavuli utageuka nje ndani mara moja, chukua koti lenye kofia lisilopitisha maji. Gikomba na Karume utalipata kwa bei nafuu kuliko dukani Ulaya, na ukichelewa, maduka ya mitumba ya mtaa wa Stockbridge yatakufaa. Ndani ya koti vaa nyepesi nyepesi zinazovulika, kwa sababu kumbi zina joto, na kwenye ceilidh, dansi ya kushikana mikono ambayo mtu jukwaani anakutajia hatua, utatoka jasho kabla wimbo wa pili haujaisha. Viatu viwe na soli yenye meno. Mawe ya barabara ya Royal Mile yakilowa yanateleza kama sabuni.

Tarehe 1 na 2 Januari zote ni sikukuu kule, kwa hiyo usafiri na maduka hupungua sana. Nunua chakula tarehe 31. Mabasi ya Lothian hayarudishi chenji, gusisha kadi. Na noti za pauni zilizochapwa na benki za Scotland zimalize kulekule, maana maduka mengine ya kubadilishia fedha huku kwetu huzikataa.