Namna ya Kuandika Sababu Zako za Kuunga Mkono Uhuru wa Taifa Dogo

Anza kwa kujiuliza ni maamuzi yapi yanayogusa maisha ya watu wa taifa hilo hufanywa na viongozi ambao watu hao hawawezi kuwaondoa kwa kura. Anayesema tu kwamba analipenda taifa lake hajatoa sababu bado, kwa kuwa mapenzi hayo yanaweza kudumu hata ndani ya muungano. Bali anayeonyesha kwamba haki za uvuvi, mapato ya madini au lugha ya kufundishia huamuliwa mbali, na akaeleza jinsi jambo hilo lilivyoigusa familia yake, ametoa hoja inayoweza kupimwa.

Kisha ikabili hoja ya udogo, maana ndiyo utakayoulizwa kwanza. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja sifa nne za dola, yaani wakazi wa kudumu, eneo mahususi, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine, wala hauweki kiwango cha chini cha idadi ya watu. Tuvalu, yenye watu wapatao 11,000, ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Hata hivyo, kutambuliwa si sawa na kujimudu. Katika kura ya maoni ya Scotland ya 2014, ambapo takriban asilimia 55 walikataa kujitenga, suala la sarafu liliwasumbua sana waliotaka uhuru, baada ya serikali ya Uingereza kukataa kutumia sarafu ya pauni kwa pamoja nao. Kwa hiyo andika waziwazi ni gharama ipi uko tayari kuibeba, na kwa muda gani; kwa maoni yangu, aya hiyo ndiyo inayoonyesha uzito wa msimamo wako kuliko nyingine yoyote.

Futa kila sentensi inayosimama juu ya chuki dhidi ya jirani. Eleza pia jamii ndogo zilizomo ndani ya taifa hilo zitalindwaje, kwani haki unayoidai huwezi kuwanyima wao.

Mwisho, tenganisha sababu zako na ridhaa ya wengine. Nchini Timor Mashariki, mwaka 1999, asilimia 78.5 ya wapiga kura walikataa kujitawala kwa mambo ya ndani tu chini ya Indonesia, na kura hiyo, licha ya ghasia zilizofuata, ndiyo iliyoupa uhuru wa 2002 uhalali wake. Sema, basi, ungefanya nini iwapo wengi wangepiga kura kinyume na matakwa yako, kisha mpe andiko hilo mtu anayepinga uhuru na umwombe aonyeshe palipo dhaifu.