Kuanzisha shahada ya fani mseto: mfano wa Urusi, na hesabu kwa chuo cha Mtwara

Chuo cha kawaida Urusi humpokea mwanafunzi akiwa ameshachagua fani, kisha humtia kwenye kundi linalofuata ratiba moja mpaka miaka 4 iishe. Aliyetoka kidato cha sita Lindi na tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anaijua hali hiyo. Katika shahada ya fani mseto, mwanafunzi huanza na masomo ya msingi ya fani kadhaa, fani kuu huichagua baadaye. Saint Petersburg walianza hivyo mwaka 1999 kupitia Smolny, sehemu ya chuo kikuu cha serikali cha mji huo, wakishirikiana na Bard College ya Marekani. Chuo kikuu cha Tyumen, huko Siberia, kikafuata 2017.

Anza na mwavuli wa kisheria. Urusi shahada lazima ikae chini ya mwelekeo unaotambuliwa na serikali. Smolny walitumia mwelekeo namba 50.03.01, Sanaa na Sayansi za Binadamu. Hapa kwetu Tanzania mtaala unapita Seneti ya chuo, kisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Andika fani kuu zote kwenye maombi ya mwanzo, na cheti kitaje fani aliyohitimu nayo mwanafunzi. Matangazo ya ajira za serikali hutaja shahada kwa jina, na afisa anayechambua maombi hana muda wa kufafanuliwa mtaala.

Usinakili krediti za Warusi, yaani kipimo chao cha saa za kazi ya mwanafunzi. Yao moja ni vipindi 36 vya dakika 45, darasani na kujisomea pamoja, yaani saa 27 kamili. Ya TCU ni saa 10. Somo lao la krediti 4 ni saa 108, kwetu karibu krediti 11.

Moyo wa kazi ni semina ya kusoma na kuandika ya mwaka wa kwanza. Ipe krediti 12: saa 120. Kwa wiki 15, vipindi 2 vya saa 2 kila wiki hula saa 60. Zinabaki saa 4 kwa wiki za kusoma na kuandika, kwa hiyo kurasa 40 za kusoma kwa wiki zinatosha. Darasa lisizidi watu 20, viti vipangwe duara. Kwa wiki 3 za mwanzo tumieni Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 na kuipeleka Berlin. Wiki ya kwanza someni miamba, ya pili wapagazi walioibeba hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya Majimaji, na ya tatu mjadili nani ana haki na mifupa ile. Mhadhiri wa jiolojia na wa historia wataingia darasa moja bila kulazimishana.

Ratiba ndiyo huua mipango hii. Tuseme mna wanafunzi 120, yaani makundi 6. Tengeni vyumba 3 na vipindi viwili, saa 2 na saa 4 asubuhi, Jumatatu na Alhamisi, na idara yoyote isiweke somo la mwaka wa kwanza saa hizo. Wahadhiri 3 watachukua makundi mawili kila mmoja: saa 8 darasani, insha 40 za kusahihisha. Kwa dakika 20 kila insha, ni zaidi ya saa 13. Insha ziwe kila baada ya wiki mbili, na usahihishaji uhesabiwe kwenye mzigo rasmi wa kazi. Usipohesabiwa, kufikia wiki ya sita semina imegeuka mhadhara, mwalimu anasomesha slaidi na wanafunzi wananakili.

Kuchagua fani kuu kuwe mwisho wa mwaka wa kwanza. Miaka 3 ya shahada ya kwetu haitoshi kungoja zaidi. Mpe kila mwanafunzi mshauri wa masomo mwenye watu wasiozidi 15. Idara zitavutana, maana bajeti hufuata idadi ya wanafunzi. Gawanyeni fedha kwa krediti zilizofundishwa, kelele zitapungua.

Kuhusu mshirika wa nje, muwe waangalifu. Wahitimu wa Smolny walikuwa wakipata pia shahada ya Bard, hadi Juni 2021 serikali ya Urusi ilipoitangaza Bard kuwa taasisi isiyotakiwa, na ushirikiano ukakatika. Mkataba wenu useme wanafunzi waliokwishaanza watamalizaje mshirika akiondoka, na semina za lazima ziwe na walimu walioajiriwa na chuo chenyewe.