Mrija wa neva hufunga kabla hujaenda kliniki: mambo ya kuzingatia kabla ya kushika mimba

Wanawake wengi huanza kumeza vidonge vya foliki, aina ya vitamini B, siku ya kwanza ya kliniki, mimba ikiwa na miezi miwili au mitatu. Wanameza kwa uaminifu kabisa, na mara nyingi hakuna anayewaambia kwamba kazi kubwa ya vidonge vile imeshapita. Hilo huniuma, maana kalenda ya mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, inajulikana vizuri.

Hesabu hivi: yai limerutubishwa leo. Ikifika siku ya 18 au 19, kiinitete, yaani mtoto katika hatua zake za mwanzo kabisa, bado ni kitu bapa chenye tabaka tatu, na upande wa mgongoni seli za tabaka la juu zimenenepa na kufanya bamba. Ubongo na uti wa mgongo vyote vitatoka humo. Kingo mbili za bamba huinuka, katikati pakabonyea kama mfereji, kisha kingo zikainamiana mpaka zikagusana na mfereji ukawa mrija: huo ndio mrija wa neva. Zinaanza kushikana siku ya 22 hivi, tena hazianzii mwisho mmoja. Zinaanzia sehemu itakayokuwa shingo, kisha mshono unakwenda juu na chini, kama zipu mbili zilizoanzia pamoja na kuachana. Tundu linalobaki ncha ya juu huziba karibu na siku ya 25, la ncha ya chini siku ya 27 au 28. Hapo kiinitete kizima kina urefu wa milimita 4 au 5 tu. Seli zinazobanduka kwenye kingo zile husafiri mbali: nyingine huwa neva za hisia, nyingine huenda kuendesha utumbo, nyingine huipa ngozi rangi yake.

Tundu la juu lisipoziba, ubongo na fuvu havikamiliki na mtoto haishi. La chini lisipoziba, huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi miguu hukosa nguvu, mkojo haudhibitiki, na maji hujaa kichwani.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye hedhi. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, siku ya 18 inaangukia siku nne tu baada ya tarehe ambayo hedhi ingekuja. Siku ya 28 ni wiki mbili baada ya tarehe hiyo, na kliniki ingeiita mimba ya wiki 6. Wengi wakati huo bado wanasema hedhi imechelewa kidogo.

Kwa hiyo foliki inaanza kabla. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na kuendelea hadi wiki ya 12. Seli zinazogawanyika kwa kasi namna ile zinahitaji foliki kutengeneza DNA, na akiba ya mwili hujengeka taratibu, kwa wiki kadhaa. Mboga za majani na maharage vina foliki, endelea navyo, ila visichukue nafasi ya kidonge. Kama umewahi kupata mtoto mwenye tatizo hili, mikrogramu 400 hazikutoshi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 1991 uliwapa wanawake wa namna hiyo miligramu 4 kwa siku, na hatari ya tatizo kujirudia ikapungua kwa takribani 72%. Dozi hiyo huandikwa na daktari. Usijikusanyie vidonge vya multivitamini mpaka ufikishe kiasi hicho, kwa sababu vingi vina vitamini A, ambayo ikizidi humdhuru mtoto.

Dawa unazotumia zipitiwe zote. Valproeti, inayotibu kifafa, huongeza wazi hatari ya mgongo wazi. Hata hivyo usiiache ghafla, maana degedege nalo linaua. Nenda ubadilishiwe ukiwa bado unazuia mimba. Methotrekseti, inayotumika kwa baridi yabisi na saratani, na isotretinoini ya chunusi ni lazima ziwe zimeachwa kabla, kwa muda atakaokupa daktari.

Mwenye kisukari asubiri sukari itulie. Kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kikiwa chini ya 6.5%, ndipo pazuri pa kuanzia. Chanjo ya rubela, kama hukuwahi kuipata, ichomwe angalau mwezi mmoja kabla. Pombe iachwe tangu siku mnapoacha uzazi wa mpango, kwani ubongo unaendelea kujengwa hadi kuzaliwa na baada yake. Tumia chumvi yenye madini joto pia: miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za tezi ya shingo ya mama, na tezi hiyo huzitengeneza kwa madini hayo.

Na wewe ambaye mimba imeingia bila maandalizi yoyote, anza foliki leo, na usilale ukijilaumu. Mirija mingi sana hufunga salama bila kidonge hata kimoja, na michache hubaki wazi hata kwa mama aliyefanya kila kitu. Fika kliniki mapema, kisha kati ya wiki ya 18 na 22 fanya ultrasaundi. Ukiwa umelala pale, muulize mpimaji kama ameuona uti wa mgongo wote, kuanzia shingoni mpaka kiunoni.