Jinsi ya kuboresha ufundishaji wa wodini pamoja na wanafunzi: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia wahadhiri, madaktari bingwa wanaofundisha wodini, wauguzi viongozi na wanafunzi wa udaktari ambao wamechoka kuona fomu za tathmini zikijazwa mwisho wa muhula na kisha kufungiwa kabatini. Ninafundisha magonjwa ya ndani hapa Mbeya, na kila ninachokieleza hapa nimekifanya mwenyewe pamoja na wanafunzi, mara nyingine tukikosea kabla ya kupatia. Nimeuelekeza wodini kwa sababu shahada ya udaktari hapa nchini huchukua miaka mitano, na katika miaka ya mwisho mwanafunzi hujifunza zaidi kando ya kitanda cha mgonjwa kuliko darasani. Hata hivyo ni huko wodini ambako ufundishaji hukaguliwa kwa nadra sana.

Katika utaratibu huu mwanafunzi haulizwi maoni tu, bali anashika sehemu ya kazi: anatazama, anahesabu, anapendekeza, anatekeleza, na kuwapa wenzake taarifa ya yaliyotendeka.

Hatua ya kwanza: chagueni kipindi kimoja

Msianze na mtaala mzima. Kubadilisha mtaala kunapitia idarani, kwenye vikao vya chuo na hatimaye Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na wanafunzi mlioanza nao watakuwa wamekwisha kuhitimu kabla jambo halijaiva. Chagueni kipindi kinachojirudia kila wiki, ambacho mwalimu wake anakubali kitazamwe, na ambacho mabadiliko yake hayahitaji fedha wala barua ya mtu yeyote wa juu. Sisi tulichagua raundi ya kufundishia ya Jumanne, yaani ule mzunguko wa kupita kwenye vitanda vya wagonjwa pamoja na wanafunzi, na ndani ya raundi hiyo tukachagua jambo moja tu: jinsi wanafunzi wanavyojifunza kupima tumbo la mgonjwa. Wenzetu wa idara nyingine waliona tumechagua jambo dogo mno, lakini udogo huo ndio uliotuwezesha kulimaliza.

Hatua ya pili: undeni kundi dogo lenye watu tofauti

Watu saba au wanane wanatosha: walimu wawili, muuguzi kiongozi wa wodi, daktari mmoja aliye katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na wanafunzi wanne. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuwachukua kiongozi wa darasa na wale wanaoongoza kwa alama, kwa kuwa ndio tunaowajua majina. Wanafunzi hao wanasaidia, lakini raundi ya kawaida haiwapi shida, kwa hiyo hawaioni kasoro yake. Tafuteni pia aliyerudia mwaka, yule asiyefungua mdomo wodini, na mmoja wa mwaka wa tatu ambaye bado anashangazwa na mambo ambayo sisi tumeyazoea hata hatuyaoni. Wasichana na wavulana wawemo wote. Msimsahau muuguzi kiongozi, kwa maana yeye anajua saa za dawa, saa za chakula na wagonjwa waliochoka kupimwapimwa. Raundi iliyopangwa bila yeye itavurugika ndani ya wiki moja.

Hatua ya tatu: andikeni makubaliano kabla ya jambo jingine lolote

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Miaka ya nyuma nilifundisha katika chuo kimoja ambako fomu za tathmini zilidaiwa kuwa za siri, lakini zilijazwa kwenye karatasi zenye namba ya usajili. Karibu wote waliandika kwamba kila kitu ni kizuri. Mmoja aliandika ukweli, kwamba mwalimu fulani huwatukana wanafunzi mbele ya wagonjwa, na haikupita wiki akaitwa ofisini kujieleza. Nilikuwepo idarani siku hiyo na sikusema neno. Kijana yule hakupoteza mwaka, lakini kuanzia hapo hakuandika tena chochote, wala darasa lake lote halikuandika. Ukimya wangu wa siku ile bado unanisumbua, na ndiyo sababu sianzi kazi hii tena bila karatasi iliyosainiwa na wote.

Makubaliano yawe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na yataje mambo haya waziwazi. Mwalimu aliyemo katika kundi hatasahihisha peke yake mtihani wa mwanafunzi aliyemo. Awepo msahihishaji wa pili. Linalosemwa kikaoni hutolewa nje bila jina la aliyelisema. Maswali ya mitihani halisi hayataguswa na kundi; wanafunzi wanaweza kusaidia kutunga vituo vya mazoezi kwa ajili ya mtihani wa vituo (OSCE), ambapo mwanafunzi hupita kituo kimoja baada ya kingine akionyesha ujuzi fulani katika kila kimoja, ule ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliueleza mwaka 1975, lakini vituo vitakavyotumika siku ya mtihani ni kazi ya walimu peke yao. Kundi halishughulikii nidhamu ya mtu. Lalamiko zito kuhusu mwenendo wa mtumishi lina njia yake rasmi, na mwanafunzi aonyeshwe njia hiyo na asindikizwe ikibidi.

Kuhusu wagonjwa, hakuna jina, namba ya faili wala picha itakayoingia kwenye daftari la kundi au kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na picha ya mgonjwa kwenye simu ya mwanafunzi haifai hata kama uso hauonekani vizuri. Iwapo mnakusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, ombeni kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuanza, kwa kuwa kibali hakiombwi kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Hatua ya nne: tazameni pamoja kabla hamjajadili

Kikao cha kwanza kikiwa cha kutoa maoni, kila mtu atasema aliyokuja nayo kichwani. Anzeni kwa kutazama. Wachagueni watazamaji wawili, mwanafunzi na mwalimu asiyefundisha siku hiyo, kila mmoja na karatasi yake yenye safu nne: nani alimgusa mgonjwa, nani alizungumza, mwalimu alizungumza dakika ngapi, na mgonjwa alisemeshwa mara ngapi. Chini ya karatasi muache nafasi ya kuandika lolote lililomshangaza mtazamaji. Mgonjwa aelezwe na aombwe ridhaa, na akikataa mhamie kitanda kingine bila kumnunia.

Mara ya kwanza mwalimu aliyetazamwa nilikuwa mimi. Ilikuwa asubuhi ya Julai, wakati ambapo baridi ya Mbeya huingia hadi ndani ya wodi na wagonjwa hulala wamejifunika blanketi mbili. Mgonjwa alikuwa bibi mmoja kutoka upande wa Makambako, aliyeletwa na mjukuu wake, bandama lake likiwa limevimba. Wanafunzi walikuwa 18 kuzunguka kitanda kilichoegemea ukuta. Nilieleza, niliuliza maswali, nilionyesha, na nikaondoka nikiamini kwamba nimefundisha vizuri.

Karatasi zilipofunguliwa, zilionyesha kwamba katika dakika 25 wanafunzi wanne tu ndio waliomgusa mgonjwa, na wote walikuwa wa mstari wa mbele. Walio nyuma waliona makoti meupe. Bibi alisemeshwa mara mbili, na zote mbili nilimwambia apumue. Kisha chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuwa ameandika: «Mgonjwa alishtuka daktari alipomgusa. Nadhani mikono ilikuwa ya baridi.»

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wapashe mikono joto kabla ya kupima tumbo, kwa sababu mgonjwa akishtuka misuli ya tumbo hukaza, na tumbo likikaza ukingo wa bandama haupatikani. Nililisema hata asubuhi ile. Sikulitenda, na wanafunzi 18 walijifunza nilichotenda. Hakuna fomu ya mwisho wa muhula ambayo ingenionyesha jambo hilo.

Hatua ya tano: kikao, na lugha ya kikao

Kikao kisizidi saa moja, kifanyike mchana baada ya raundi ambapo wanafunzi bado wapo hospitalini, ili wasitumie nauli zao kurudi jioni. Mwanafunzi aongoze kikao na wanafunzi waanze kusema. Mwalimu akianza, wengine watamfuata tu. Mwalimu aliyetazamwa asijitetee mpaka karatasi zote mbili zisomwe hadi mwisho. Ni vigumu kuliko inavyoonekana, na ninashauri ashike kalamu aandike anayoyasikia.

Fanyeni kikao kwa Kiswahili. Tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza, na katika kikao cha Kiingereza wanafunzi walio wepesi wa lugha hiyo ndio watakaosikika, wakati tunawahitaji wote. Kwetu jambo hili lilifungua mlango mwingine ambao sikuutarajia. Mmoja wa wanafunzi, aliyekulia Njombe, alisema kwamba baada ya raundi alirudi kwa yule bibi na kumwamkia «Kamwene», salamu ya Wabena na Wahehe, na bibi akaanza kueleza mambo ambayo katika historia ya ugonjwa tuliyoisoma asubuhi hayakuwemo: kwamba uvimbe alianza kuuhisi tangu msimu wa kuvuna mahindi, na kwamba alikuwa ametumia dawa za miti shamba kwa wiki kadhaa. Kutokana na maelezo hayo kundi likaona kwamba tunawafundisha wanafunzi kumweleza mwalimu habari za mgonjwa kwa Kiingereza, lakini hatuwafundishi kumweleza mgonjwa habari za ugonjwa wake kwa Kiswahili, wala kuomba msaada wa mkalimani anapohitajika. Neno kama «bandama» lenyewe, wanafunzi kadhaa walikiri kwamba hulikwepa mbele ya mgonjwa na kusema «kitu humu ndani kimevimba».

Hatua ya sita: badilisheni jambo moja, na kila mtu ajue zamu yake

Kikao kitazaa mapendekezo mengi. Yaandikeni yote, kisha mchague moja, au mawili yanayoshikana, mkayajaribu kwa wiki tatu bila kuyachezea katikati. Sisi tuliamua hivi: kundi la wanafunzi 18 ligawanywe mara tatu kwenye vitanda vitatu, kila kitanda kikisimamiwa na mwalimu au daktari wa mafunzo kwa vitendo, na katika kila kitanda mwanafunzi mmoja awe na zamu ya kumwamkia mgonjwa, kumweleza kwa Kiswahili kitakachofanyika, na kumweleza tena mwishoni kilichoonekana, kwa kiwango ambacho daktari anayemtibu amekubali.

Upimaji wenyewe tuliuandika kwenye kadi kwa mpangilio ambao wanafunzi waliutunga na mimi nikausahihisha: pasha mikono joto, amkia, omba ruhusa, mlaze mgonjwa chali, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, tazama kwanza, kisha anza kupapasa kutoka chini upande wa kulia ukielekea juu upande wa kushoto, kwa sababu bandama likikua hushuka kuelekea chini upande wa kulia, na anayeanzia juu anaweza kulipita bila kujua, mwombe mgonjwa avute pumzi kila unaposogeza mkono, likikosekana, mlaze kwa ubavu wa kulia ujaribu tena. Muuguzi kiongozi ndiye aliyeongeza mstari ambao sisi madaktari tulikuwa tumeusahau: mfunike mgonjwa ukimaliza.

Hatua ya saba: hesabuni tena

Baada ya wiki tatu rudieni karatasi zile zile zenye safu nne, na ikiwezekana watazamaji wawe wale wale. Msitunge kipimo kipya, maana hamtakuwa na cha kulinganisha. Kwetu, waliomgusa mgonjwa waliongezeka kwa kiasi ambacho hakuna aliyekibishia, lakini dakika za mwalimu kuzungumza zilipungua kidogo tu, na katika kitanda kimoja hazikupungua kabisa. Yaandikeni yote mawili. Mkumbuke pia kwamba namba za kundi moja katika wodi moja zinawaongoza ninyi. Hazitoshi kumwambia mtu wa chuo kingine afanye nini.

Hatua ya nane: wapeni wengine majibu

Ndani ya wiki mbili bandikeni karatasi moja kwenye ubao wa wodi na kwenye ubao wa darasa, ikiwa na sehemu tatu: tulichoambiwa, tulichobadilisha, na ambacho hatukuweza kubadilisha pamoja na sababu yake. Sehemu ya tatu ndiyo inayojenga imani. Wanafunzi waliomba raundi ihamishwe kutoka saa mbili asubuhi. Haikuwezekana kwa sababu ya saa za dawa na za kliniki, nasi tukaandika hivyo kwa maneno kamili. Mwanafunzi mmoja asimame mbele ya darasa aieleze karatasi hiyo, na mwalimu aieleze kwenye kikao cha idara, kila mmoja akitaja kazi ya mwenzake.

Hatua ya tisa: kabidhini kabla hamjaondoka

Mzunguko wa wodini huisha baada ya wiki chache, likizo huingia, na wanafunzi wa mwaka wa tano huhitimu na kupangiwa hospitali za mafunzo kwa vitendo. Kundi lisilo na makabidhiano hufa hapo. Wanafunzi wawili wapya waingie wiki mbili kabla wa zamani hawajatoka, wakae pamoja katika kutazama walau raundi moja. Makubaliano yasainiwe upya, kwa kuwa sahihi ya aliyeondoka haimfungi aliyeingia. Daftari, karatasi tupu za kutazamia na kadi za upimaji zikae kwenye droo ya muuguzi kiongozi, ambaye hahami kila baada ya wiki nane. Letu limo humo, lina jalada la kijani, na ukurasa wa kwanza una orodha ya kundi lililopo sasa na Jumanne ya kutazama inayofuata.